Pistoni ilikuwa imesukumwa upande gani?

Bolti ya sita ya hedi, kile kifuniko cha juu cha silinda, ilipotoka nikaiweka alenki pembeni, nikainua hedi taratibu nikaigeuza kwenye mwanga wa taa ya meza. Pale kwenye ule ukingo bapa unaozunguka chemba kulikuwa na alama inang'aa. Ndogo tu, umbo la mwezi mchanga, ukubwa wa kipande cha kucha. Kwingine kote kumetanda ule utando wa kahawia unaoachwa na mafuta ya nyonyo, ila pale pamesuguliwa mpaka alumini tupu.

Nikachungulia kichwa cha pistoni. Alama ile ile, upande ule ule.

Pistoni imegusa hedi.

Sasa kilichonikosesha usingizi ni kwamba nafasi ile niliipima mwenyewe. Injini ni ya autbodi, yaani ya kufungwa nje nyuma ya boti, cc 3.5, ya boti ya rimoti, niliifungua yote nikaifunga upya, na pale juu kati ya pistoni na hedi nilipima 0.15 mm. Nilipima mara tatu. Namba ikatoka ile ile mara tatu, nikafunga moyo ukiwa mweupe kabisa.

Imepita kama wiki tano tangu siku hiyo, na bado namba ile inanirudia kichwani, ndo maana naandika.

## Plagi mbili nilizozilaumu bure

Nikirudi nyuma, dalili zilikuwepo. Injini ilipiga matangi matano ya kwanza vizuri mno, resi inapanda laini, ikishushwa inashuka bila kusitasita. Tangi la sita plagi, ile yenye koili ya kuwasha mafuta, ikafa. Nikaweka nyingine, matangi mawili nayo ikafa. Nikasema hizi plagi za siku hizi bwana, nikatupa, nikaweka ya tatu.

Ya pili kabla ya kuitupa ningeiangalia vizuri kwa lenzi ningejua mapema, kwa sababu ya tatu nilipoitoa na kuiangalia niliona kwenye ile koili yake kuna vitone vidogo vya kijivu vimegandia, kama vumbi la mchanga lililoyeyuka. Ile ni alumini. Na alumini ndani ya chemba haina pa kutoka isipokuwa pistoni au hedi, slivu yangu, lile bomba ambamo pistoni inapanda na kushuka, ni ya shaba nyeupe iliyopakwa kromu, haitoi kitu cha namna hiyo.

Hapo ndo nikachukua alenki.

## Kugusa au kulipuka vibaya?

Kwa kweli sikuamini mara moja kwamba vyuma vimegusana. Mawazo yangu yalienda kwenye mafuta kwanza. Nilikuwa natumia mchanganyiko wa mafuta wenye nitromethani, kemikali ya kuongeza nguvu, asilimia 30, na ukipandisha nitro huku chemba ni ndogo, mchanganyiko unaweza kulipuka wenyewe vibaya, unakula kingo za pistoni, na alumini inayong'olewa inaenda kukaa kwenye plagi vile vile. Dalili zinafanana sana ukiangalia plagi peke yake.

Kwa hiyo kwa wiki nzima nilikuwa nabishana na nafsi. Nikashusha nitro, kisha nikafungua jeti kidogo mafuta yaingie mengi zaidi. Injini ikawa nzito kuamka, moshi mwingi, na nilipofungua tena alama ipo pale pale, imekua kidogo hata.

Kilichonitoa kwenye ubishi ni kuiangalia alama yenyewe kwa lenzi, kitu ambacho nilipaswa kukifanya siku ya kwanza. Mlipuko mbaya unaacha uso uliodonolewa, vishimo vishimo kama chuma kilichopigwa mchanga kwa upepo. Yangu ilikuwa laini. Imepigwa pasi. Ukipitisha ukucha haukwami popote.

Laini maana yake kimekutana chuma na chuma.

Lakini 0.15 ilienda wapi?

## Swali moja

Kuna mzee mmoja ninayemheshimu sana kwenye injini hizi ndogo, ameanza kuzifungua kabla sijazaliwa. Nikampigia, nikamweleza kila kitu, namna nilivyokata vipande viwili vya waya wa lehemu wa 0.8 mm, nikavibandika kwa grisi kidogo juu ya pistoni, kimoja kila upande kufuata mstari wa pini ya pistoni ili pistoni isiinamie upande mmoja, nikafunga hedi kwa nguvu ile ile ya siku zote, nikazungusha krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, kwa mkono mpaka ikapita juu kabisa, nikafungua, nikapima lehemu iliyobonyea kwa maikromita. Pande zote mbili 0.15.

Akanyamaza kidogo.

"Umepima vizuri. Sasa niambie mwanangu, wakati lehemu inabonyea, pistoni yako ilikuwa imesukumwa upande gani?"

Nikasema juu, si inapanda.

"Krenki ndo inapanda. Nimeuliza pistoni."

Akaniaga akaniacha na hilo swali, na mimi nikakaa na simu mkononi muda mrefu tu.

## Nafasi inayojificha

Fikiria konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki. Huku chini ina bushi inayokaa kwenye pini ya krenki, huku juu ina bushi ya pini ya pistoni. Bushi haiwezi kubana, lazima kuwe na nafasi ya mafuta, kwa hiyo inacheza kidogo. Krenki yenyewe imekaa kwenye beringi, na beringi nazo zinacheza kidogo. Ukivijumlisha vyote, pistoni inaweza kupanda na kushuka kidogo hata kama krenki umeikaba isitikisike.

Sasa ukipima kwa lehemu, lehemu ni laini lakini haibonyei bure, inasukuma pistoni irudi chini. Na slivu za aina hii zimebana huku juu, pistoni ikifika mwisho inang'ang'aniwa, hiyo nayo inaivuta chini. Kwa hiyo mchezo wote wa bushi na beringi umeshalazwa upande wa chini. Namba unayoipata ni nafasi kubwa kuliko zote ambazo injini inaweza kuwa nayo.

Injini ikizunguka kasi mambo yanageuka. Pistoni imepanda kwa kasi ya ajabu, krenki imefika juu inataka kuirudisha, pistoni yenyewe inataka kuendelea kwenda. Konrodi ndo inayoivuta isitoke. Mchezo wote sasa umelazwa upande wa juu.

Nilichopima mimi ni injini iliyolala. Iliyogusa hedi ni injini iliyo macho.

## Hesabu za usiku

Nikachukua karatasi. Silinda yangu kipenyo 16.5 mm, pistoni inasafiri 16.4 mm, konrodi 30 mm toka tundu hadi tundu. Pistoni na pini yake nilizipima kwenye mzani mdogo, gramu 6 kwa makadirio. Mizunguko 25,000 kwa dakika.

Ukipiga hesabu, pale juu kabisa pistoni ya gramu 6 inaivuta konrodi kwa nguvu sawa na kuning'iniza mzigo wa karibu kilo 44. Nilirudia hesabu nikidhani nimekosea nukta. Ni kilo 44, mara 25,000 kila dakika, kwenye kijiti cha alumini ambacho kwenye shingo yake hakifikii hata unene wa penseli.

Halafu mimi nacheza na autbodi, na boti zetu hizi zenye njia ya hewa katikati ya tumbo zinaruka. Boti ikipiga wimbi propela inatoka kwenye maji, mzigo unaondoka ghafla, unasikia sauti inapanda, nyie mnaocheza nazo mnaijua hiyo sauti. Ikifika 30,000 hapo, nguvu haipandi kwa kiasi kile kile cha mizunguko, inapanda kwa kipeo cha pili. Ile 44 inakuwa kama 63.

Na wakati huo huo mkono wako umeshashusha resi kwa woga. Mchanganyiko unaoingia ni kidogo, kwa hiyo hata ile presha ya juu ambayo kwa kawaida ingeikandamiza pistoni chini haipo. Pistoni haina wa kuizuia isipokuwa konrodi.

Basi ndo maana kwenye stendi injini haikuwahi kugusa. Kwenye stendi haikurukaga.

## Kupima upya

Nikang'oa slivu, maana slivu ikiwepo inaing'ang'ania pistoni na huwezi kuhisi kitu. Nikaosha bushi zote mpaka zikakauka, mafuta yakibaki yanaficha mchezo, mkono unahisi ugumu ukadhani pako sawa. Nikaikaba krenki kwa kipande cha mti kwenye flaiwili, pistoni ikiwa juu, nikaweka sindano ya daili geji katikati ya kichwa cha pistoni. Nikasukuma chini kwa kidole, nikasoma. Nikavuta juu, nikasoma.

0.11 mm.

Nilikaa naitazama ile sindano. Kati ya 0.15 niliyojivunia, 0.11 ilikuwa mchezo mtupu. Imebaki 0.04.

Na hiyo 0.04 nayo ina wadai. Konrodi ya alumini ikivutwa na kilo 60 na kitu inarefuka, kwa upana wa shingo ya hii yangu nilipata kama 0.02. Pistoni nayo kichwani kwake ni ya moto kuliko kitu kingine chochote mle ndani, ile sehemu ya kutoka kwenye pini mpaka kichwani ina kama milimita 8, ikizidi joto la bloku kwa nyuzi 150 inavimba kwa 0.02 nyingine.

0.04 kutoa 0.02 kutoa 0.02.

Ndo ule mwezi mchanga.

Nikatafuta mchezo uko wapi hasa. Beringi 0.02, bushi ya juu 0.02, bushi ya chini 0.07. Ya chini ilikuwa imechoka, na mimi wakati nafunga injini niliishika konrodi nikaitikisa kwa mkono nikasema bado nzima. Mkono wa mtu hauwezi kutofautisha 0.04 na 0.07. Hizi ni sehemu ndogo kuliko unywele.

Kabla ya kuweka konrodi mpya niliogopa jambo moja, kwamba pini ya krenki nayo imelika ikawa yai. Pini ikiwa yai konrodi mpya haidumu. Nikaipima kwa maikromita pande mbili zinazokatana, tofauti ikawa 0.005. Nikashusha pumzi. Konrodi mpya ikakaa na mchezo wa 0.04 chini.

## Slivu, na maji yaliyozidi ubaridi

Wakati bado nimefungua yote kuna kitu kingine nilikuwa nakikwepa. Injini hii ikiwa baridi inabana sana huku juu, ukiizungusha kwa mkono inalia, na kuna siku nilishashika karatasi laini ya msasa nikitaka kuisugua slivu kidogo tu iachie.

Namshukuru Mungu sikusugua.

Slivu ya shaba nyeupe inatanuka kuliko pistoni yake ya alumini yenye silikoni nyingi. Kipenyo cha 16.5 mm kikipanda nyuzi 100, slivu inaongezeka kama 0.03 mm, pistoni inaongezeka pungufu kidogo ya hapo kama zingepata joto sawa, ila pistoni inapata joto zaidi. Kwa hiyo waliotengeneza wameibana ikiwa baridi makusudi, slivu imenyooshwa nyembamba kwa juu, ili ikipata moto ndo ikae sawa. Ukiisugua ikiwa baridi mpaka ikawa laini mkononi, ikipata moto itakuwa inavuja na presha imekwenda. Tangu siku hiyo naipasha kwanza kwa hewa ya moto kabla sijaiwasha, konrodi nayo inapona, maana kuvuta pistoni iliyobanwa ni adhabu kwa bushi ile ile ya chini.

Lakini kwenye boti kuna mdudu ambaye kwenye ndege hayupo. Maji.

Hedi yetu inapoozwa na maji yanayosukumwa na mwendo wa boti wenyewe, ukienda kasi zaidi yanakuja mengi zaidi. Yakizidi, slivu inabaki baridi na nyembamba huku pistoni inavimba, nafasi uliyoitegemea ukiwa mezani haipo tena majini. Nilikuwa najisifu kwamba maji yanatoka kwa nguvu na ni baridi. Sasa nimebana mpira wa maji kwa kipande chenye tundu dogo, yanayotoka nikiyashika yana joto la kusikika, na injini imeacha ile tabia ya kushikwa nikiwa nanyoosha mwendo mrefu. Sidhani kama nitarudi nyuma kwenye hili.

## Beringi na waya, kwa kifupi

Beringi nilibadilisha pia, japo hazikuwa mbaya sana, mabaki ya methanoli na nitro yanazishika kutu haraka ukisahau kuweka mafuta baada ya kucheza. Bloku inaingia kwenye oveni, nyuzi 150 hivi, unaipiga chini kwenye kibao mara moja beringi inadondoka yenyewe, hakuna haja ya nyundo. Ila angalia maandishi ubavuni mwake. Yenye alama C3 imeachiwa nafasi zaidi ndani, kwa tundu la 12 mm ni kati ya 0.011 na 0.025, wakati ya kawaida inaanzia 0.003. Ukiichomeka kwenye bloku inabanwa inapoteza sehemu ya hiyo nafasi, na kwa mizunguko hii ile ya kawaida inaweza kubaki haina pumzi. Mimi nimeweka C3, na ndo maana kwenye hesabu yangu ya mchezo beringi hazitoki hata ziwe mpya kabisa. Zina sehemu yao na lazima ihesabiwe.

Waya unaoshuka kwenye mguu wa autbodi kupeleka nguvu kwenye propela nao nimeuachia nafasi ya 2 mm kule chini. Ukipata mzigo unajisokota unafupika, usipoachiwa utaivuta krenki, na krenki ikivutwa mbele au ikirudi nyuma kupita kiasi unakuta konrodi imesugua kifuniko cha nyuma. Cha kwangu kilikuwa na duara hafifu. Dogo, ila lipo.

## 0.23

Kwa konrodi mpya mchezo wote ukasoma 0.08. Nikapima kwa lehemu bila shimu yoyote, yaani kile kibati chembamba cha kuinua hedi, 0.13. Nikaweka shimu moja ya 0.1, ikawa 0.23.

Sasa hapa ndo nilisita kuliko popote. 0.23 nilikuwa naiona kubwa, kila mtu mwenye injini inayokimbia anataja 0.15, na kwa silinda ya kipenyo hiki kila 0.1 unayoongeza inaongeza cc 0.021 kwenye chemba. Chemba yenyewe ina kama cc theluthi moja tu. Si kitu cha kupuuza, unaipunguza presha kwa macho yako unaona. Nilitoa ile shimu nikairudisha, nikatoa tena. Nikawa najiambia labda ile ya 0.05 inatosha.

Halafu nikakumbuka kwamba hao wanaosema 0.15 sijui bushi zao zina mchezo wa ngapi wala walipima wakisukuma upande gani. Namba yao ni ya injini yao. Mimi 0.23 kutoa 0.08 ndo nafika 0.15 halisi, pistoni ikiwa imevutwa juu kabisa. Toa 0.04 ya kurefuka na joto, imebaki 0.11 ambayo boti ikiruka ndo ngao yangu.

Nikafunga na 0.23.

Ukweli usemwe, resi ya mwisho imepungua kidogo, nasikia. Nimerudisha nitro kwenye 30 na imefidia sehemu kubwa, kutoka kwenye kona iko vizuri hata kuliko zamani. Nimepiga matangi manane, maji yalikuwa na mawimbi siku mbili kati ya hizo na boti iliruka sana tu. Plagi ni ile ile moja. Juzi nikafungua hedi. Utando wa kahawia umezunguka ukingo wote, umeanza kufunika hata ule mwezi wa zamani, na kwenye koili ya plagi hakuna kitone.

Kwenye daftari saivi naandika namba mbili kwa kila injini, ya pistoni ikiwa imesukumwa chini na ya pistoni ikiwa imevutwa juu. Nilipofungua kurasa za nyuma nikaona ile cc 7.5 niliyoifunga mwaka jana ina namba moja tu, ya lehemu, 0.18, na konrodi niliirudisha ile ile ya zamani. Iko kwenye boti, mafuta yameshajazwa.

Nimeishusha leo asubuhi. Bolti nne za hedi zimeshatoka.